Siku Vigelegele Vilipogoma

Ipo nchi moja, na usiniulize iko wapi, maana mimi si mtu wa kuchongea nchi za watu. Inaitwa Jamhuri ya Kwaokule. Unakwenda, unakwenda, ukifika mahali penye jiwe la uzinduzi wa barabara na barabara yenyewe huioni, jua umeshavuka mpaka. Watu wake wakarimu, chakula chao kitamu, na serikali yao sikivu mno: inasikia hata mnachonong'onezana jikoni.

Furaha ya Kwaokule inasimamiwa na Wizara. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mwanamke alipiga kigelegele pale roho yake ilipomtuma. Mtoto kazaliwa, kigelegele. Bi harusi katoka, kigelegele. Mpangaji mgomvi kahama, kigelegele na juu yake anasindikizwa na ngoma. Hakuna aliyeuwekea ulimi wa mwenzake mipaka.

Kisha siku moja redio ikatangaza kwamba waziri fulani ameombwa apumzike. Jamani! Mji ulilipuka. Akianza huyu, anapokea yule, kutoka sokoni mpaka kwa wauza mkaa, wali ukaungua majikoni na hakuna aliyejali. Serikali ikakaa ikatafakari kwa uchungu: kumbe kuna rasilimali ya taifa inayopotea ovyo namna hii! Haukupita muda vigelegele vikataifishwa. Ikaundwa Wizara ya Shangwe na Mapokezi, na ndani yake Idara ya Vigelegele, na raia wa kawaida akapigwa marufuku kupiga kigelegele bila kibali. Ukijifungua, unaiomba Idara ikuletee wapigaji. Mtoto akifika umri wa kutambaa, unajibiwa kwamba ombi lako linashughulikiwa.

Idara iliajiri wanawake wenye mapafu. Kazi yao ilikuwa kupokea wageni uwanja wa ndege, kuzindua visima, kuzindua mawe ya msingi ya visima ambavyo havijachimbwa, na kuzindua kamati za kuuliza kwa nini havijachimbwa. Walipewa kanga za sare zenye picha ya Mtukufu Rais, moja kiunoni na nyingine mabegani, na amri ya kutoikalia hiyo picha.

Na hapo ndipo penye kisa. Kuikalia picha ni kosa, basi kukaa kwenyewe kukawa kosa.

Wanaume nao walikuwa na kazi yao, ya kupiga makofi. Hao walikaa. Walikuwa na chama chao cha siku nyingi, Umoja wa Wapiga Makofi, na walikaa chini ya turubai, kwenye viti vyenye mito, soda baridi mkononi na mafuta ya viganja kwa gharama ya serikali. Usiseme ni upendeleo. Wataalamu walilifanyia utafiti. Makofi, walisema, ni kazi ya viganja, na viganja vinahitaji mapaja ya kupumzikia, na mapaja hayapatikani mpaka mtu akae. Kigelegele kwa upande wake huanzia kwenye nyayo na kupanda kwa miguu. Ukimkalisha mwanamke, kinakunjika magotini.

Kwa hiyo wanawake walisimama juani, tangu watu wanapokunywa chai ya asubuhi mpaka mgeni atakapofika. Na mgeni wa Kwaokule, hata awe anatoka mtaa wa pili, hafiki kabla ya alasiri.

*

Alikuwepo kati yao binti mmoja, Mwanakheri, ana sauti nyembamba kama uzi wa dhahabu, ukimsikia unadhani kuna harusi nyumba ya jirani na wewe hukualikwa. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya miezi saba. Siku hiyo walipelekwa uwanja wa ndege kumpokea naibu waziri wa samaki wa nchi rafiki. Wakasimama. Jua likapanda. Wakaambiwa mgeni yuko njiani. Jua likawa utosini. Wakaambiwa mgeni yuko njiani kuelekea kwenye ndege. Mwanakheri akaona dunia inageuka kama chapati, akaanguka.

Gazeti la serikali liliandika kwa herufi nene: MFANYAKAZI ASUJUDU KWA MAPENZI YA NCHI. Waziri wa Shangwe na Mapokezi, Mheshimiwa Makeke, alimtembelea hospitalini akiwa na wapiga picha.

"Hongera sana, binti," alisema, akimshika mkono upande wa kamera. "Umeanguka kizalendo. Nimeagiza wenzako waige."

Pembeni ya kitanda alikuwa amekaa Bi. Sikudhani, kiongozi wa wapigaji wote, mjane mwenye kifua kama kabati la vyombo na mdomo usiokopesha. Alisubiri mpaka wapiga picha wakatoka.

"Mheshimiwa, huyu mtoto mwezi wa tisa utamkuta Siku ya Taifa. Akisimama tena kutwa nzima, tutazika. Si mmoja, wawili."

"Basi asije."

"Akikosa kuja anafukuzwa kazi. Sheria yako inasema asiyekuja kushangilia, amefurahi mahali pengine bila kibali."

"Sheria nzuri sana ile," alisema Mheshimiwa Makeke, akaondoka.

Mwanakheri alimtazama Bi. Sikudhani. "Mama, mimi nitasimama tu. Mume wangu hana kazi. Nitaegemea mtu."

"Utaegemea kiti," alijibu Bi. Sikudhani. "Kama ninaitwa Sikudhani."

*

Mikutano ilikuwa haramu Kwaokule, ila shughuli za kumfunda mwali zilikuwa halali kwa kuwa hakuna mwanaume aliyejua zinahusu nini. Bi. Sikudhani akatangaza mwali. Wanawake wote wa Idara wakamiminika uani kwake, sufuria ya pilau jikoni, tangawizi ya kulainisha koo inachemka, na mwali hayupo, wala hakuna aliyemuulizia.

Serikali sikivu ikatuma mpelelezi. Alikuja amevaa dera, shungi na masharubu.

"Karibu, shoga," walimpokea bila kushtuka. "Mbona mikono mitupu? Haya, kaa hapa utukatie vitunguu."

Akapewa kapu zima. Huku anakata, wao wanazungumza. Mmoja akasimulia alivyovimba miguu mpaka viatu vikakatwa kwa mkasi. Mwingine akasimulia alivyobanwa haja kubwa siku ya kumpokea balozi, na choo kiko upande wa wapiga makofi. "Nilipiga kigelegele kile kwa uchungu, dada zangu. Balozi akasema hajawahi kupokelewa kwa hisia namna ile." Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kisha wakaafikiana: wanaunda chama chao, Chama cha Wanawake Wapiga Vigelegele, na chama kina madai mawili tu, viti na choo, kabla ya Siku ya Taifa.

Taarifa ya mpelelezi iko mpaka leo katika majalada ya nchi ile. Inasema madai ya wanawake hao yalikuwa mazito kiasi kwamba afisa alitokwa na machozi tangu mwanzo wa kikao mpaka mwisho.

*

Hatua iliyofuata ilikuwa kusajili. Bi. Sikudhani alikwenda kwa Msajili wa Vyama, mtu mwenye tumbo la amani na tabasamu la saa za kufunga ofisi.

"Hakuna shida kabisa, mama yangu," alisema Msajili. "Serikali inapenda vyama. Kuna jambo moja dogo tu. Chama chochote Kwaokule hakihesabiki kipo mpaka kizinduliwe. Na uzinduzi ni lazima upigwe vigelegele vya Idara."

"Sisi ndio Idara."

"Vizuri! Basi mtapata huduma kwa haraka."

"Kwa hiyo tupige, usajili?"

Msajili alikunja uso. "Mjipigie wenyewe? Hapana, mama. Huko ni kujisifu. Sheria inataka apige mtu mwingine asiye mwanachama."

"Mtu mwingine akipiga anafungwa."

"Naam," alisema Msajili kwa huruma. "Hapo ndipo wengi wanapokwama."

Alimpa mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni, akamwambia milango iko wazi, akaifunga.

Mheshimiwa Makeke aliposikia habari za chama aliwaita wanawake wote ukumbini. Wakasimama. Yeye akapanda jukwaani, akanywa maji, akapanua mikono.

"Mama zangu, dada zangu, nguzo za taifa! Na nguzo, nani hajui, husimama! Mmeona wapi nguzo imekaa? Nyumba itakuwaje? Hata hivyo serikali yenu ni sikivu. Nimeunda kamati ya kuchunguza suala la kiti. Kamati itazuru nchi zilizoendelea, ikae kwenye viti vya huko, ituletee uzoefu."

Kamati ilikwenda ikakaa. Ilirudi imenenepa, na pendekezo kwamba suala linahitaji kukaliwa zaidi.

Hapo Bi. Sikudhani aliwaambia wenzake maneno machache. "Kazini tutakwenda. Sare tutavaa. Kusimama tutasimama kama nguzo. Midomo ndiyo tunafunga."

Mwanasheria wa serikali alikesha na vitabu vyake akitafuta kifungu kinachokataza mtu kunyamaza. Hakukiona. Maskini, sheria zote za Kwaokule zilikuwa zimetungwa kuhimiza kunyamaza huko huko.

Mgeni wa kwanza kukutana na mgomo alikuwa mfalme wa ng'ambo. Alishuka kwenye ndege, wanawake wamejipanga na kanga zao, wanamtazama kwa upole, kimya. Unasikia bendera tu ikijipigapiga kwenye mlingoti. Wizara ilikuwa imejiandaa: ikawasha kanda ya vigelegele vya mwaka wa nyuma kwenye vipaza sauti. Kwa bahati mbaya jenereta ilikuwa ya zabuni. Vigelegele vilianza vizuri, vikachoka, vikazama, vikazama, mpaka uwanja mzima ukasikia sauti ya ng'ombe anayezaa. Mfalme alivua kofia, akawapa pole kwa msiba.

*

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, maana serikali haina haya ya kupokea wageni kimya, ila Mheshimiwa Makeke alikuwa na binti.

Binti aliitwa Lulua, na alikuwa anaolewa. Harusi ya binti wa waziri, Kwaokule, ni shughuli ya kitaifa, kwa hiyo Idara yote iliamriwa kuhudhuria. Ikahudhuria. Walijipanga mbele ya ukumbi pande mbili za zulia jekundu, Bi. Sikudhani mbele, Mwanakheri karibu yake na tumbo lake lililotangulia kama mgeni rasmi, mkono mmoja kiunoni. Gari la bi harusi likaingia limefunikwa maua mpaka dereva anachungulia. Likasimama. Mlango ukafunguliwa.

Kimya.

Na kama hujui mila za Kwaokule, nikuambie: bi harusi hashuki bila kigelegele. Hiyo haikutungwa na Wizara. Imekuwepo kabla ya Wizara, kabla ya jamhuri yenyewe. Akishuka kimya ameshuka kama mzigo.

"Shuka, mwanangu," alinong'ona Mheshimiwa Makeke, akitabasamu kwa wageni.

"Sishuki, baba."

Mheshimiwa akapiga vidole. Umoja wa Wapiga Makofi wakakimbilia mbele, wakakaa haraka kwenye viti vyao, wakapiga makofi ya nguvu. Kioo cha gari kikashuka kidogo.

"Baba, mimi ni bi harusi au mtoa mada?"

Kikapanda tena.

Upande wa bwana harusi mambo yakaanza kuchemka. Mama mkwe, bibi wa watu aliyesafiri kutoka mikoani na mafurushi yake ya zawadi, akafunga kanga vizuri, akasimama katikati ya zulia.

"Jamani, mtuambie kweli. Sisi tumekuja kuchukua mke. Au tumekuja kuhani? Kama ni msiba tujue, tulie, tule, tuondoke!"

Jasho lilimtoka Mheshimiwa Makeke mpaka suti ikabadilika rangi. Akamsogelea Bi. Sikudhani.

"Bibi Sikudhani, usiniaibishe. Nakuahidi mbele ya Mungu, viti vitaingizwa katika mpango wa muda mrefu."

"Hewala, Mheshimiwa. Na bi harusi naye tumuingize humo humo?"

Watu wakaguna. Huko nyuma mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

Sasa, mke wa Mheshimiwa, Mama Lulua, alikuwa mwanamke ambaye mji mzima ulidhani hana sauti. Miaka yote kwenye sherehe anakaa kando ya mumewe kama chupa ya maji. Siku hiyo aliyatazama yote: mwanawe ndani ya gari, mkwe mwenzake katikati ya zulia, na yule binti mjamzito aliyekuwa anabadilisha mguu, anaegemea huu, anaegemea huu, na kope zinamlegea. Mama Lulua aliingia ukumbini. Tukasikia, yaani watu wakasikia, kitu kinaburuzwa. Akatoka anakokota kiti cha meza kuu, kiti cha Mheshimiwa mwenyewe, kimevalishwa kitambaa cheupe na utepe mkubwa mgongoni kama ua la jangwa.

Akakiweka mbele ya Mwanakheri. "Kaa, mwanangu."

"Mama, kanga ina picha ya Rais."

"Rais hajambo. Kaa."

Mwanakheri akamtazama Bi. Sikudhani. Akakaa. Alifumba macho, akatoa pumzi ndefu, na wanawake wote walioona waliitoa pamoja naye.

"Baba Lulua," mama yule alisema bila kugeuka, "viti vingine viko ndani. Waambie hao wapiga makofi wavilete, mikono wanayo. Na Msajili wa Vyama yuko wapi? Nilimwalika."

Msajili alikuwa kwenye meza ya vitafunio, sambusa mdomoni. "Niko hapa, shemeji."

"Chama cha hawa wanawake kinakosa nini?"

"Kuzinduliwa tu, shemeji. Na mtu mwingine. Lakini sheria..."

Hakumalizia. Mama Lulua alitupa kichwa nyuma, akaweka kiganja juu ya mdomo, na kikatoka kigelegele ambacho kilikuwa kimelala ndani yake tangu siku vilipotaifishwa. Kirefu! Chenye kona! Polisi waliokuwepo walianza kuchunguza mawingu. Mmoja alisema kwa sauti kwamba inaelekea mvua itanyesha.

Msajili alimeza sambusa nzima. "Kimezinduliwa," akasema.

Na kigelegele kikitoka, mtu haachi kikae peke yake kama yatima. Bi. Sikudhani alikipokea, Mwanakheri akakipokea akiwa amekaa, na hakikukunjika magotini hata kidogo, na Idara nzima ikafuata. Mama mkwe akarusha kanga juu. Mlango wa gari ukafunguka, Lulua akashuka, taratibu, macho chini kama inavyotakiwa, anacheka ndani ya shela.

Mheshimiwa Makeke, kwa kuwa kiti chake kilikuwa na mtu, alisimama harusi nzima. Kesho yake alitangaza redioni kwamba baada ya utafiti wa kina alioufanya mwenyewe kwa miguu yake, amebuni wazo la kuwapatia wanawake viti.

*

Siku ya Taifa ikafika. Wanawake wakakaa chini ya turubai, mstari wa mbele, kanga zimegeuzwa ili picha ya Mtukufu ibaki mapajani. Choo kipya kilizinduliwa asubuhi hiyo kwa utepe, hatua chache nyuma yao. Mheshimiwa Makeke hakukosa kuongeza kanuni, maana waziri asiye na kanuni ni mtu wa kawaida tu: aliyekaa haruhusiwi kuinuka wakati Mtukufu Rais anahutubia.

Mtukufu akapanda jukwaani, akafungua hotuba. Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Miaka yote juani wanawake hawa walikuwa hawasikii hotuba. Walisikia masikio yanavuma, wakasubiri ishara ya afisa, wakapiga. Sasa wamekaa, wamepoa, kipaza sauti kiko hapo hapo, wakasikia kila neno.

"Anasema nini?" alinong'ona mmoja.

"Anasema maji yatakuja."

"Si alisema mwaka jana?"

"Mwaka jana hukuwa umekaa."

Afisa wa ishara akainua bendera yake. Wakamtazama. Akaipunga. Wakamtazama kwa huruma, kama mtu anayemwita kuku asiye wake. Si mgomo tena, hapana. Walikuwa wanasubiri wasikie kitu cha kupigia kigelegele, na Mtukufu aliendelea, akapita kwenye mafanikio, akapita kwenye changamoto, akarudi tena kwenye mafanikio kuchukua alichosahau.

Mwanakheri alikuwa hasikilizi. Mtoto alikuwa amelalia kibofu. Alibana miguu, akabana meno, akahesabu nguzo za turubai, akatazama choo kile kipya kinavyong'aa na mlango wake wa buluu. Kuinuka haruhusiwi. Machozi yalimlengalenga.

Ndipo Mtukufu Rais aliporudisha miwani mfukoni, akasema, "Ndugu wananchi, kwa hayo machache..."

Kigelegele kilimtoka Mwanakheri kabla hajajua. Si cha Wizara kile. Kilitoka mahali pa kweli kabisa, na kwa sababu kilikuwa cha kweli wenzake walikidaka, Bi. Sikudhani akakipandisha, na turubai likatikisika. Wananchi waliokuwa juani, ambao nao walikuwa na vibofu, wakakipokea bila kibali, uwanja mzima, wanawake kwa wanaume, na hakuna gereza la kuwatosha. Mwanakheri alikuwa ameshafika kwenye mlango wa buluu.

Mtukufu Rais alisimama jukwaani akitokwa na machozi. Katika miaka yote ya utawala wake hakuwahi kushangiliwa namna ile. Jioni aliwaita washauri, akawauliza ni sehemu gani ya hotuba iliyowagusa wananchi kiasi hicho. Washauri wakatazamana, wakamwambia ukweli, ila si wote: ni ile ya mwisho, Mtukufu.

Tangu hapo amekuwa akiiwahi. Mwaka uliofuata aliifikia kabla ya saa sita. Mwaka wa pili yake, kabla ya chai kupoa. Na mwaka huu, walivyonihadithia waliotoka huko, alipanda jukwaani, Mwanakheri yupo mstari wa mbele na mwanawe amemkalisha mapajani, Bi. Sikudhani kando yake anajipepea. Mtukufu akavaa miwani, akautazama umati, akasema, "Ndugu wananchi, kwa hayo machache," akakaa.

Wazee wa Kwaokule wanasema nchi yao haijapata kusikia hotuba nzuri kama ile tangu uhuru.